Mume wangu anatia siagi kwenye kahawa, ikifika saa tano anatetemeka

Shikamoo Bibi,

Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nina miaka 36 na watoto watatu, wa mwisho ana miezi kumi. Mume wangu ana miaka 49, anauza spea za pikipiki. Mwaka wa tano huu ana sukari. Anatumia metformin asubuhi na jioni, na asubuhi anameza na kidonge kingine kidogo ambacho kliniki walimwambia akimeze anapokula.

Miezi mitatu iliyopita mdogo wake anayeishi Maskati alikuja likizo na chupa ya mafuta fulani, akamwonyesha video za Wamarekani wanaosaga kahawa na siagi kwenye blenda. Tangu siku hiyo chai ya asubuhi haigusi, chapati haitaki, hata muhogo wa kuchemsha anausogeza pembeni. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nasikia blenda inanguruma, mtoto naye ameshaamka. Anachemsha kahawa kwenye birika, anatia vijiko viwili vya kulia vya siagi na kimoja cha yale mafuta, anasaga mpaka inatoka povu kama maziwa. Chupa ya Maskati iliisha, siku hizi ananunua mafuta ya nazi sokoni. Akishakunywa, hali kitu mpaka saa nane mchana.

Sitasema uongo Bibi, mwanzoni nilifurahi. Amepungua kilo sita, mashati yanamkaa vizuri. Sukari yake ya asubuhi ilikuwa 11, wakati mwingine 12, sasa inasoma 7. Nikifungua mdomo tu ananionyesha hiyo 7, nanyamaza.

Lakini mara tatu sasa, kwenye saa tano hivi, anatetemeka na kutoka jasho. Wiki iliyopita kijana wa dukani alinipigia simu, anasema mzee kakaa chini, ameshindwa kufunga nati, na maneno anayosema hayaeleweki. Nilipofika nikamkuta anamalizia kikombe kingine cha kahawa ile ile, aliibeba kwenye chupa ya chai. Anasema ni mwili unatoa sumu, eti siku za mwanzo lazima uumie kidogo. Siku za mwanzo gani, mwezi wa tatu huu?

Mama mkwe yuko upande wa mwanawe. Anasema wao walipojifungua walinyweshwa uji wa pilipili manga wenye samli, mbona hawakufa. Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, kwa sababu kliniki ya watoto niliambiwa nitie kijiko cha mafuta kwenye uji wa mwanangu. Je, niache? Siagi ni nzuri au mbaya?

Na samahani kwa swali dogo la mwisho. Ile blenda inanuka siagi hata niioshe vipi, na ndiyo ninayosagia chakula cha mtoto.

Mama wa watatu, Tanga


Marahaba mwanangu.

Siagi itasubiri kwanza. Nataka tuanze na hiyo saa tano, maana barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili moyo ulinipasuka pale kwenye nati.

Nenda kaitazame boksi la kile kidonge kidogo. Nadhani utakuta limeandikwa glibenclamide, au wa ukoo wake kama gliclazide na glimepiride. Dawa hizi zinakamua kongosho itoe insulini. Haziulizi kama mtu amekula au hajala. Ndiyo maana kliniki walisema ameze anapokula: insulini inatoka, inakikuta chakula kimeshaingia, inakifanyia kazi. Mumeo anameza kidonge, anateremshia kahawa yenye mafuta ambayo karibu haina wanga wala sukari, kisha anafungua duka. Insulini inatoka kama kawaida, haioni cha kufanyia kazi, inaishusha sukari iliyomo kwenye damu. Ikishuka chini ya 4, mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio. Ikizidi kushuka, ubongo unakosa chakula chake, ndipo maneno yanapopotea na mkono unashindwa nati. Hizo dalili ni za sukari kushuka, mwanangu. Anayeambiwa kwamba ni sumu inatoka anapotezewa muda, na katika jambo hili muda ndio unaoua.

Metformin peke yake kwa kawaida haifanyi hivyo. Chenye hatari ni kile kidonge kidogo.

Sasa shika haya, na umfundishe na yule kijana wa dukani, tena mbele yako arudie. Mzee akianza kutetemeka, mpimeni kama kipimo kipo. Kama hakipo msisubiri. Vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 mpimeni tena au mtazameni: hajatulia, rudieni. Akitulia apewe chakula cha kweli, ndizi, mkate, wali wa jana, chochote kilichopo, kwa sababu glibenclamide inakaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka upya wakati nyote mmeshapumua. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali.

Na kile kikombe cha pili ulichomkuta nacho kilikuwa hakimsaidii. Mafuta hayageuki sukari upesi, tena yanalichelewesha tumbo kupitisha hata kile kidogo kilichomo. Umshukuru Mungu na huyo kijana aliyekupigia.

Kwa hiyo wiki hii, si mwisho wa mwezi, mwende wote wawili kliniki. Bebeni boksi zote za dawa, daftari la vipimo, na mueleze kila kitu bila kuficha kahawa. Usimwambie aache kidonge kwa kauli yako, wala yangu. Mpaka siku hiyo asimeze bila kula. Daktari akiona 7 ya asubuhi na mtetemo wa saa tano, atajua cha kufanya na dozi.

Hapa lazima nimtendee haki mumeo. Ile 7 ni ya kweli. Mtu aliyezoea chai yenye vijiko vinne vya sukari, chapati mbili na andazi juu yake, akiviondoa vyote kwa mpigo, sukari itashuka na kilo zitapungua. Zile kilo mbili tatu za mwanzo zilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Wanga uliowekwa akiba mwilini hukaa na maji, ukitumika na maji yanatoka. Zilizobaki ni za chapati alizoacha. Kazi imefanywa na kilichotoka kwenye sahani, sifa imepewa kilichoingia kwenye kikombe.

Sasa tuje kwenye hicho kikombe.

Aliyeisambaza ni Mmarekani mmoja, Dave Asprey, mtu wa kompyuta, si daktari. Mwenyewe anasimulia kwamba mwaka 2004 alikuwa Tibet, akanywa chai ya siagi ya yaki, akajisikia mpya. Mwaka 2009 akaweka kwenye blogu yake jinsi ya kufanya hivyo kwa kahawa, kisha ikawa biashara, na mafuta ya chupa yakawa sehemu ya biashara. Chai ya Watibeti ni ya zamani sana. Majani ya chai yanachemshwa mpaka yanakolea, yanatiwa chumvi na siagi, vinasukwasukwa kwenye pipa refu la mti. Lakini mtazame anayeikunywa: anachunga mifugo juu milimani, Lhasa penyewe mjini ni mita 3,650 hivi kutoka usawa wa bahari, baridi inakata masikio, na mboga za majani ni za kutafuta. Huyo siagi anaichoma kabla jua halijapanda. Jirani zetu wa Ethiopia nao wanajua kahawa ya siagi, sehemu nyingine huko wanaitia na chumvi, na Waoromo wana buni inayokaangwa na siagi ikaliwa. Wote hao siagi kwao ni chakula cha mtu anayefanya kazi ngumu. Mumeo anakaa kwenye kiti cha plastiki Tanga, usawa wa bahari, feni juu ya kichwa.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya vijiko vyake. Kijiko kimoja cha kulia cha siagi, gramu 14 hivi, kina kalori kama 100 na gramu 7 za mafuta yale mazito, yanayoganda yakipoa. Viwili ni 14. Kijiko cha mafuta ya nazi kina kalori 120 na gramu 12 hivi za mafuta mazito. Jumla gramu 26 na kalori 320, kikombe kimoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta mazito yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote anayokula mtu kwa siku. Kwa anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22 tu. Yeye ameshavuka kabla hajavaa viatu, na samaki wa kukaanga wa mchana hajaguswa, wala wali wa nazi wa usiku. Akiongeza na kile cha kwenye chupa ya chai, basi.

Mafuta mazito hupandisha kolesteroli mbaya, LDL, ile inayoziba mishipa. Kwa mtu yeyote si habari njema. Kwa mwenye sukari ni zaidi, kwa kuwa moyo na mishipa yake tayari ina mzigo. Na kuna jambo ambalo wauza mafuta hawalisemi: kahawa ya kuchemshwa kwenye birika, isiyopita kwenye chujio la karatasi, ina mafuta yake yenyewe ya asili yanayopandisha LDL. Kikombe kidogo cha kahawa chungu barazani jioni sitamnyima mtu. Lakini birika zima kila siku, na siagi juu yake? Akienda kliniki aombe apimwe mafuta kwenye damu. Hiyo nayo ni namba. Kama anapenda namba, apende zote.

Halafu, mafuta ya chupa ya Maskati na ya nazi ya sokoni si kitu kimoja. Kama ile chupa iliandikwa MCT, ni mafuta yaliyochujwa kutoka kwenye nazi au mbegu za mchikichi yakabakizwa sehemu chache ambazo ini linazitumia upesi. Katika mafuta ya nazi ya kawaida sehemu hizo ni kidogo sana. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo mwilini kwa sehemu kubwa haifuati njia hiyo ya mkato. Kwa hiyo hata kama video zingekuwa kweli tupu, anachokunywa sasa si kile walichokunywa wao.

Nawe umeandika siagi, siagi, hukusema ipi. Huku kwetu neno hilo limebeba vitu viwili. Mtu anatumwa dukani kununua siagi, anarudi na kopo la majarini, na hakuna anayeshangaa. Siagi ya maziwa ni mafuta ya maziwa. Majarini hutengenezwa kwa mafuta ya mimea, mara nyingi mawese. Soma kopo. Ukikuta wameandika kwamba mafuta yake yamegandishwa nusu kwa haidrojeni, lirudishe kwenye rafu, hayo ni mabaya kuliko siagi yenyewe. Kama mumeo amekuwa akisaga majarini miezi mitatu huku akidhani anakula kama wale wa kwenye video, utacheka, lakini cheka jikoni.

Mama mkwe hajakosea kabisa, na usimjibu kama aliyekosea. Mzazi ametoka kujifungua, amepoteza damu, ananyonyesha, anaamka usiku mara nne. Bakuli la uji wa pilipili manga na samli kwa mtu huyo ni akili tupu. Tena ilikuwa siku arobaini, ikaisha, akarudi shambani na jembe. Hakuna bibi yeyote ninayemjua aliyempa samli mzee wa dukani mwenye sukari, kila asubuhi, badala ya chakula. Mwambie hivyo, kwa upole, ukiwa unamchambulia mchele. Atakuelewa kabla ya mwanawe.

Kwa mtoto usiache. Wa miezi kumi ni kesi tofauti kabisa. Tumbo lake ni dogo, uji mwepesi unamjaza maji kabla hajashiba nguvu, na anakua kwa kasi ambayo hataifikia tena maishani. Maziwa yako mwenyewe karibu nusu ya nguvu yake inatoka kwenye mafuta. Maumbile yameshakuonyesha njia. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwenye bakuli lake ni sawa. Ningependa zaidi uweke karanga zilizosagwa laini kabisa, kwa sababu zinakuja na protini, na siku nyingine yai au dagaa wa kusagwa. Uji uwe mzito kiasi cha kung'ang'ania kijiko ukikiinamisha. Majarini si lazima. Endelea kumnyonyesha.

Uliniuliza kama siagi ni nzuri au mbaya. Ya kupaka juu ya mkate, nyembamba, mara moja moja, haijamuua mtu. Ni chakula. Kosa ni kuifanya dawa na kuipa nafasi ya kifungua kinywa.

Namna ya kuzungumza naye ndiyo kazi, najua. Ukianza na siagi ameshinda, atakuonyesha 7. Anza na Ramadhani. Muulize: mwezi mtukufu ukikaribia, si unakwenda kliniki kupangiwa dawa upya kwa sababu hutakula mchana? Basi hii nayo ni funga, tofauti ni kwamba hukumwambia daktari. Naamini atanyamaza kidogo hapo. Usilimwage kopo lake, usimfiche blenda. Mwanaume wa miaka 49 akifichiwa blenda atanunua nyingine.

Kisha mwekee mezani kitu kinachomwachia ushindi wake. Hataki chapati? Vizuri, asile chapati. Mayai mawili ya kuchemsha, maharage au kunde za jana zilizopashwa, mchicha, nusu parachichi, na kipande cha muhogo ukubwa wa ngumi yake, maana kidonge chake kinahitaji wanga kidogo wa kufanyia kazi. Mayai na maharage yanashikilia njaa kuliko mafuta matupu, mwache ajaribu siku tatu aone kama hatafika saa saba bila kupekua droo ya biskuti. Kahawa anywe, nyeusi au na maziwa kidogo, baada ya kula. Na kama roho yake imeganda kwenye siagi, kijiko kimoja cha chai, si cha kulia, na mafuta ya nazi yabaki kwenye nywele za watoto. Nisingempa hata hicho, lakini sikai naye mimi.

Shemeji yako wa Maskati mpigie na yeye. Kwa wema kabisa, mwambie kaka yake alikutwa amekaa chini dukani. Ameleta chupa kwa mapenzi, hakujua habari za kidonge.

Blenda sasa. Maji baridi hayaondoi siagi, yanaigandisha. Tia maji ya moto nusu jagi na matone mawili ya sabuni ya vyombo, izungushe nusu dakika ukiwa umeacha tundu la mfuniko wazi na kitambaa juu, maana mvuke ukikosa pa kutokea mfuniko unaruka na kuunguza. Mweleze na mumeo hilo, kahawa ya moto imeshawarukia wengi usoni. Mwaga, kisha fungua kisu chini ukitoe kile kimpira cha mviringo. Kinuse. Harufu yote imejificha hapo. Kisugue peke yake na mswaki wa zamani, ukianike juani mpaka kikauke kabisa ndipo ukirudishe.